Kikao cha Dharura Kuhusu Basi la Wasichana Wetu Lililokwama Kwenye Kizuizi Chetu Wenyewe

KAMATI YA MAJIRANI, MTAA WA VILLA WAYRA, EL ALTO, BOLIVIA

KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA KILICHOFANYIKA BARABARANI, MBELE YA MAWE YA KIZUIZI, JUMAMOSI TAREHE 14 MACHI

WALIOHUDHURIA
Ndg. Nicanor Poma – Mwenyekiti
Bi. Zenobia Laruta – Katibu wa Migogoro
Ndg. Edwin Sirpa – Katibu wa Michezo
Mzee Fortunato Calle – Mjumbe
Bi. Felipa Chambi – Katibu wa Kumbukumbu (mwandishi)

ASIYEHUDHURIA
Ndg. Gumercindo Ticona – Makamu Mwenyekiti. Alituma taarifa kwamba mgongo unamuuma. Baadaye alionekana na mashahidi kwenye foleni ya kuingia uwanjani, amesimama wima kabisa.

WALIOKUWEPO PIA
Majirani waliokuwa zamu kwenye kizuizi. Kocha Rómulo Justiniano wa timu ya taifa ya wasichana chini ya miaka kumi na saba, ambaye hakualikwa lakini alikuja. Na Nayra Tarqui, golikipa wa timu hiyo, binti wa Bi. Zenobia.

KUMB. NA. 1: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti alifungua kikao saa tatu na nusu asubuhi, baada ya majani ya koka kuzungushwa na Mzee Fortunato kumwagia ardhi tone la kwanza la pombe kali, kama inavyopasa kabla ya jambo lolote. Katibu aliomba ieleweke kwamba anaandika akiwa amekaa juu ya tairi, upepo unavuta karatasi, na kipaza sauti cha Kamati kimebaki nyumbani kwa Mwenyekiti kama kawaida. Asiulizwe habari ya mwandiko wala ya maneno ambayo hayakusikika.

Bi. Zenobia alikumbusha azimio la kikao kilichopita, kwamba maneno ya wajumbe yaandikwe kama yalivyosemwa na siyo kama Katibu anavyoona yangefaa kusemwa. Katibu alijibu kwamba anajua hilo linamlenga nani. Kwa hiyo maneno yaliyomo humu yameandikwa kama yalivyotoka vinywani, na mwenye kujuta ajute mwenyewe.

KUMB. NA. 2: SABABU YA KIZUIZI, NA KANUNI YA MLANGO MMOJA

Mwenyekiti alieleza, kwa faida ya waliochelewa, kwamba mabomba ya mtaa yamekauka tangu sikukuu ya Wafu mwezi Novemba. Gari la maji hupita Alhamisi, likipenda. Alhamisi hii halikupenda. Ofisi ya maji imeahidi bomba jipya mara nyingi kiasi kwamba watoto wa mtaa wanaigiza sauti ya yule anayekuja kuahidi.

Alieleza kwamba Jumamosi hii ilichaguliwa makusudi. Ni siku ya mwisho ya mashindano ya Amerika Kusini ya kufuzu Kombe la Dunia la wasichana, mechi inachezwa hapa hapa El Alto, na wakubwa wote lazima wapite barabara yetu kwenda uwanjani. Ofisi ya maji imeshatuma neno kwamba ujumbe wake utafika mchana na karatasi ya makubaliano ya kutiwa saini mbele ya majirani. Mwenyekiti alisema, "Wakikuta barabara wazi hawatashuka hata garini. Watatupungia mkono kupitia dirishani, kama mwaka jana."

Kuhusu mechi, Ndg. Edwin alifafanua kwamba wasichana wetu wanacheza na Paraguay, na nafasi iliyobaki ni moja. Sisi tukishinda, tunakwenda Kombe la Dunia. Sare inawatosha Waparaguai.

Mwenyekiti alisoma tena Kanuni ya Mlango Mmoja, iliyoletwa na Bi. Zenobia mwenyewe na kupitishwa na mtaa mzima. Katika kizuizi cha mwaka jana tulimfungulia mwenye mikate, kisha padri, kisha wakwe wa Ndg. Gumercindo, na kufika mchana barabara ilikuwa imegeuka gulio na hakuna aliyetuogopa. Tangu hapo kanuni inasema: magari ya wagonjwa hupita wakati wote, mwenda kwa miguu hupita wakati wote, gari jingine lolote ni moja tu, lililokubaliwa kabla, na mawe yakisharudishwa hayaondolewi tena mpaka madai yatimizwe. Gari moja la leo lilikubaliwa Jumatano kuwa basi la wasichana wetu. Hakuna aliyepinga. Ndg. Edwin alipiga makofi.

KUMB. NA. 3: TAARIFA YA KATIBU WA MICHEZO KUHUSU BASI LA KWANZA

Ndg. Edwin alieleza kwamba aliwekwa kwenye kona ya chini na fataki mbili, azilipue akiliona basi la timu, ili majirani wawe tayari kuondoa mawe. Basi lilitokea. Mbele lilikuwa na bendera ya Bolivia, na dereva alipiga honi na kumpungia mkono. Dereva huyo ni binamu yake, Ndg. Rolando, mzaliwa wa mtaa huu. Ndg. Edwin akalipua fataki zote mbili.

Mzee Fortunato alimuuliza kama alitazama ndani ya basi. Ndg. Edwin alisema mapazia yalikuwa yamefungwa. Mzee Fortunato alimuuliza kama hakujua kwamba mabasi ya timu zote yamekodiwa kutoka ushirika mmoja wa hapa hapa, na kwamba binamu yake hubandika bendera ile hata akibeba vitunguu. Ndg. Edwin alisema, "Mzee, nilimwona Rolando. Rolando ni wetu. Ningejuaje kwamba amebeba Waparaguai?"

Ilielezwa kwamba majirani waliondoa mawe kwa shangwe, ngoma ikapigwa, na Bi. Zenobia akasimama mbele kabisa akirusha vipande vya karatasi za rangi kwenye vioo, kama anavyorushiwa bibi harusi au mhitimu. Basi lilipokuwa likimpita, pazia moja lilifunguliwa. Bi. Zenobia alimwona msichana aliyevaa fulana ya mistari myekundu na myeupe, ananyonya kwa mrija kinywaji chenye barafu, asubuhi hii ambayo madimbwi yameganda. Ndipo alipojua. Kwa maneno yake: "Hakuna mtoto wa hapa anayekunywa barafu saa tatu asubuhi. Nikasema mungu wangu, ni wale." Basi lilikuwa limeshapita, na msichana yule alimpungia mkono kwa adabu sana.

Mawe yalirudishwa mara moja kwa mujibu wa kanuni. Ndg. Edwin aliomba radhi. Jirani mmoja alipendekeza kwamba kuanzia sasa awe Katibu wa Michezo wa Paraguay. Mwenyekiti aliagiza utani ukome.

KUMB. NA. 4: BASI LA PILI

Basi la wasichana wetu lilifika kikao kikiendelea, na likasimama mbele ya mawe. Kocha Justiniano alishuka na kuja hadi lilipo tairi la Katibu. Kocha ni mtu wa nyanda za chini, kwenye joto, hajazoea hewa nyepesi ya huku juu, kwa hiyo alizungumza akihema. Aliuliza nani mkubwa hapa. Mwenyekiti alimwonyesha Bi. Zenobia.

Kocha alisema ameahidiwa njia. Bi. Zenobia alimjibu kwamba njia ilitolewa na imetumika. Kocha aliuliza imetumiwa na nani. Ndg. Edwin akamwambia. Kocha alivua kofia, akaivaa tena, akauliza kama watu wa milimani wamelogwa au ndivyo walivyozaliwa. Mzee Fortunato alimwambia, "Tulia, mwalimu, usimalize pumzi. Utaihitaji." Majirani walicheka, na Mwenyekiti akarudia agizo lake.

Ilizungumzwa njia nyingine. Njia za pembeni zimechimbwa mitaro ya lile lile bomba lisiloletwa, basi haliwezi kupita. Ndg. Edwin alimpigia simu binamu yake arudi na basi lile upande wa pili awachukue. Ndg. Rolando alijibu kwamba polisi wamemfungia kwenye maegesho ya uwanja hadi mechi iishe, na akauliza kwa nini walimrushia karatasi, kwa maana amefurahi sana. Magari mengine upande wa pili hayapo, kwani barabara ya uwanja imefungwa kwa gari lisilo na kibandiko cha mashindano.

Ilibaki miguu. Kocha alikataa kabisa. Alisema kutoka hapa hadi uwanjani ni mwendo wa zaidi ya saa nzima, kupanda, na wasichana watakaokimbia mbele ya dunia nzima hawawezi kufika wameshachoka, wakati wapinzani wao wamelala chali vyumbani wakinyooshwa misuli. Alisema, "Hata nyinyi mnajua. Ukiwatembeza, umewafunga goli la kwanza."

Hakuna aliyembishia, kwa sababu ni kweli.

KUMB. NA. 5: MANENO KATI YA GOLIKIPA NA KATIBU WA MIGOGORO

Nayra Tarqui alishuka kwenye basi bila ruhusa ya Kocha na kuja mbele ya kikao akiwa amevaa soksi na ndara. Mwenyekiti alimkaribisha kama mtoto wa mtaa na kumpongeza kwa mechi zilizopita. Nayra alimsalimia Mwenyekiti, akamsalimia Mzee Fortunato, akamgeukia mama yake.

Alisema, "Mama, Waparaguai umewafungulia. Umewarushia na karatasi. Mimi umenifungia."

Bi. Zenobia alisema, "Nilidhani ni wewe."

"Hukutazama."

"Nilitazama, mwanangu. Nilikuwa nalia. Ningeona nini?"

Nayra alisema kwamba alimwona mama yake tangu mbali, kofia yake juu ya watu wote, na aliwaambia wenzake ndani ya basi, yule pale ni mama, sasa hivi mtaona anavyotufungulia. Alisema wenzake walikusanyika mbele ya basi kutazama. Bi. Zenobia alirekebisha shuka lake begani, ingawa halikuwa limekaa vibaya.

Katibu anaandika kwamba hapo majirani wengi walitazama chini, na yeye pia.

KUMB. NA. 6: HOJA YA KUFUNGUA MARA YA PILI

Ndg. Edwin alitoa hoja kwamba kosa lilikuwa la fataki na siyo la kanuni, kwa hiyo ufunguzi wa kwanza usihesabiwe. Mzee Fortunato aliunga mkono.

Bi. Zenobia alimshangaa Mzee Fortunato. Alisema, na maneno ni yake: "Mzee wangu, asubuhi hii hii mkwe wako, bibi harusi, nimemshusha garini mimi kwa mikono yangu. Nikamwambia, tunakuheshimu, lakini pita kwa miguu. Amepita na gauni ameliinua mpaka magotini, viatu mkononi, na wewe ulikuwa pembeni yake, ulinitazama kama unataka kunimeza. Hukusema neno. Leo wewe ndiye unayetaka nimfungulie wa kwangu?"

Mzee Fortunato alisema, "Zenobia, mkwe wangu alikuwa anakwenda kuolewa, siyo kudaka mipira. Bwana harusi angemsubiri hata mpaka Jumatatu, hana pengine pa kwenda. Mechi haisubiri. Mfungulie mtoto, mimi sitasema kitu, na nani atasema kama mimi sisemi?"

Jirani mwenye duka la vipuri alisema wapo wa kusema. Ofisi ya maji itasema. Wanapeleleza, wana watu wao hapa, wakisikia mawe yameondoka mara mbili watajua yataondoka mara ya tatu. Jirani mwingine alisema mwaka jana mke wake alibeba ndoo mpaka siku ya kujifungua, na yeye hafungui kwa mpira hata kama anaucheza malaika. Ndg. Edwin alimwambia mtoto huyu naye amebeba ndoo. Wakaanza kunyosheana vidole. Mwenyekiti alipiga kelele mara kadhaa bila kipaza sauti.

Ilipigwa kura ya mikono. Mwenyekiti alitazama upande wa kufungua, akatazama upande wa kutofungua, na akatangaza kwamba kwa macho yake ni sawa kwa sawa. Kwa macho ya Katibu pia ilikuwa hivyo, na si mara nyingi tunakubaliana. Kwa katiba ya Kamati, kura ya kuamua ni ya Mwenyekiti. Mwenyekiti alisema kwa kuwa huu ni mgogoro, anaikabidhi kura yake kwa Katibu wa Migogoro. Katibu wa Kumbukumbu alisema hilo katiba haina. Mwenyekiti alisema liandikwe hivyo hivyo.

Bi. Zenobia alishauriwa na Mzee Fortunato ajitoe, kwa sababu ni mama. Alikataa. Alisema akijitoa watasema amekimbia, akifungua watasema amependelea, akifunga watasema hana moyo, kwa hiyo bora achague mwenyewe watakachosema.

Mwenye ngoma, ambaye hakuwa akifuatilia, alianza kupiga na akanyamazishwa.

Kisha Bi. Zenobia akasema, "Hapana. Haifunguliwi."

Alisema hivyo akimtazama binti yake na siyo Mwenyekiti. Azimio: mawe yabaki.

KUMB. NA. 7: KUONDOKA KWA WASICHANA, NA KUVUNJIKA KWA AKIDI

Nayra alirudi kwenye basi. Kocha alidhani amekwenda kulia, akamfuata kumtuliza. Nayra alitoka amevaa raba, begi begani, glovu mdomoni ili mikono iwe huru, na wavu wa mipira mgongoni. Alitoa glovu mdomoni na kusema, "Kocha, twende. Tunachelewa."

Kocha alimwambia miguu ile si yake peke yake, ni ya taifa zima. Nayra alimjibu kwamba miguu hii imepanda kilima hiki na ndoo tangu akiwa na miaka sita na taifa zima halikuja kuuliza. Katibu aliomba arudie ili aandike vizuri. Hakurudia, alikuwa ameshaanza kupita kati ya mawe. Wasichana wengine walishuka mmoja baada ya mwingine. Wale wa nyanda za chini waliuliza ni mbali kiasi gani na wakaambiwa uongo, kwa kuwahurumia.

Bi. Zenobia alimkimbilia binti yake na kutaka kumvua begi. Nayra hakumpa. Walivutana begi hilo kidogo mbele ya kikao. Hatimaye Nayra aliliachia, kwa shingo upande, na Bi. Zenobia akalifunga mgongoni kwa shuka lake, kama anavyobebwa mtoto.

Mwenyekiti alimkumbusha Bi. Zenobia kwamba yuko zamu, na kwamba anayeacha kizuizi kabla ya madai kutimizwa huandikiwa alama ya utoro na hapewi maji siku bomba likifunguliwa mpaka wote wamalize kuchota. Kanuni hiyo pia ni ya Bi. Zenobia. Alijibu akiwa anatembea, "Felipa, niandikie alama."

Katibu aliandika.

Ndg. Edwin alisema yeye ndiye chanzo, hawezi kubaki amekaa, akachukua wavu wa mipira. Jirani mwenye duka la vipuri, aliyekataa kufungua, alichukua sanduku la dawa la timu na kumkaripia Kocha asilishike, aokoe pumzi zake. Wengine walibeba maji ya kunywa na vibegi vya viatu. Wote waliuliza kwanza kama wataandikiwa alama, wakajibiwa ndiyo, wakaenda.

Kwenye mawe tulibaki Mwenyekiti, Mzee Fortunato, Katibu, mwenye ngoma, na wachache wenye magoti mabovu. Katibu alieleza kwamba akidi haipo. Kikao kiliahirishwa mpaka wajumbe watakaporudi.

KUMB. NA. 8: UJUMBE WA OFISI YA MAJI

Ingawa kikao kilikuwa kimeahirishwa, Mwenyekiti aliagiza yafuatayo yaingizwe, kwa kuwa ndiyo yaliyotukalisha barabarani.

Ujumbe ulifika mchana kwa magari mawili, ukakuta mawe. Mkubwa wao alishusha kioo na kuomba apite kwanza, ili saini itiwe baada ya mechi. Mzee Fortunato alimwambia kwamba wasichana wa taifa wamepita hapa kwa miguu na mabegi yao, akampa muda wa kulifikiri. Mkubwa alitazama mawe, akatazama sisi tuliokuwepo, na Katibu aliogopa sana kwamba atahesabu. Hakuhesabu. Alishuka, akasaini juu ya boneti ya gari lake, tarehe ya kuanza kazi ikiwekwa kuwa Jumatatu, mashahidi wakiwa Mwenyekiti na mwenye ngoma. Mawe yaliondolewa rasmi.

Mwenyekiti alilia. Alisema ni vumbi.

KUMB. NA. 9: KIKAO KUREJEA, NA TAARIFA YA MECHI

Kikao kilirejea jioni mahali pale pale, jua likielekea kuzama na upepo ukiwa mkali. Wajumbe wote walikuwepo isipokuwa Ndg. Gumercindo, ambaye mgongo ulikuwa bado. Bi. Zenobia alirudi na binti yake kwa miguu. Nayra hakukaa kuoga na wenzake uwanjani; aliondoka vile vile na jezi, kwani kipindi cha pili kilichezwa kwenye mvua ya mawe na alikuwa na tope kuanzia soksi hadi nyusi.

Mechi ilikuwa imesikilizwa na wengi kwenye redio, kwa hiyo Ndg. Edwin alitoa taarifa fupi. Wasichana walifika wakati wapinzani wao wameshamaliza kupasha misuli. Walicheza kama wanaodaiwa. Walitangulia kwa goli moja na wakalilinda mpaka mtaa mzima ukaanza kupanga nani atasafiri kwenda Kombe la Dunia. Karibu na mwisho Mparaguai alipiga shuti la mbali, siyo kali. Golikipa aliteleza. Sare. Paraguay imefuzu.

Mwenyekiti alisema Kamati inajivunia wasichana. Majirani waliitikia. Alisema tena kwamba saini imepatikana na Jumatatu mafundi wanaanza. Walitulia zaidi kuliko inavyotarajiwa watu waliopata maji.

Ndg. Edwin alisema itakuwa si haki kuficha kwamba Kocha amezungumza redioni, na amesema mechi ile haikupotea uwanjani, ilipotea barabarani. Bi. Zenobia alisema, "Amesema kweli. Niliipoteza mimi. Asubuhi kwa kutotazama, kisha kwa kutazama sana. Liandikwe, na jina langu liwepo."

Nayra alisema, "Mama, niliteleza. Ungenileta hata kwa ndege, pale ningeteleza."

Katibu hajui kama hilo ni kweli. Katibu alisikiliza mechi, na mtangazaji alisema golikipa alikuwa akishika mapaja tangu mapumziko. Limeandikwa kama lilivyosemwa.

Kuhusu alama za utoro, Mwenyekiti alipendekeza zifutwe zote. Zilifutwa kwa kauli moja isipokuwa ya Bi. Zenobia, ambaye alikataa yake kufutwa. Aliambiwa asijitie ukaidi. Alisema aliyetunga kanuni hawezi kuwa wa kwanza kuikimbia. Imebaki.

KUMB. NA. 10: MENGINEYO

Mwenyekiti alimuuliza Nayra kama kuna jambo lolote ambalo Kamati inaweza kumfanyia, kwa niaba ya mtaa, kubwa au dogo. Mwenyekiti mwenyewe alitaja cheti. Ndg. Edwin alitaja mchoro wake kwenye ukuta wa shule.

Nayra alisema, "Nataka kuoga."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu aliyechoka. Lakini kila mjumbe alijua pipa lake limebaki na nini. Bi. Zenobia alisema taratibu kwamba nyumbani kuna sufuria moja, ya viazi vya kesho, na kwamba angempangusa kwa kitambaa.

Jirani mwenye duka la vipuri aliinuka na kuondoka bila kuomba ruhusa ya Mwenyekiti. Wengine walidhani amekasirika. Alirudi na ndoo, nusu, anaitembeza polepole isimwagike, akaingia nayo uani kwa Bi. Zenobia, ambao uko hatua chache kutoka mawe yalipokuwa. Baada yake aliinuka mama mmoja, kisha mume wa yule aliyebeba ndoo mpaka siku ya kujifungua, kisha watu wakawa wanapishana mlangoni. Kuna aliyeleta birika. Kuna aliyeleta kikombe na kuomba radhi.

Bi. Zenobia alisimama mlangoni akiwazuia. Alisema, "Jirani, hayo ni ya kupikia. Rudi nayo. Wewe una mtoto mchanga, rudi." Alijaribu kumshika mkono mama mmoja na karibu wamwage. Mzee Fortunato alimwambia, "Zenobia, leo umeshafunga njia ya kutosha. Sogea." Akasogea.

Moto uliwashwa uani. Beseni lililetwa, lile la kufulia mablanketi. Nayra alikaa kwenye kigoda akivua raba, na maji yalipopata moto mama yake alianza kumwagia kichwani kwa kopo, kidogo kidogo, kwa kuogopa yasiishe. Hayakuisha. Bi. Zenobia alikuwa analia wazi wazi na hakusema ni vumbi. Nayra alimwambia, "Mama, mwaga tu, mwaga."

Mwenyekiti aliuliza kutoka nje kama kuna mjumbe mwenye hoja nyingine. Hapakuwa na hoja. Katibu naye alikuwa ameshapeleka ndoo yake, na amemalizia kuandika haya na mikono iliyolowa.

Kikao kilifungwa saa moja na robo jioni.

Nicanor Poma
Mwenyekiti

Felipa Chambi
Katibu wa Kumbukumbu